Udongo unang'ata chupa, sashe unaiacha

Mama mmoja anayeuza maharagwe soko la Kadutu aliniuliza: «Mwalimu, wanasema una bakteria wanaokula plastiki. Nifukie sashe zangu, hii mifuko ya plastiki, shambani?» Hapana, mama. Usizifukie.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, vyote tunaviita plastiki, lakini kwa bakteria chupa ya maji na sashe ni vitu viwili mbalimbali. Chupa ni PET, plastiki ya jamii ya poliesta: molekuli zake ni minyororo mirefu, na vipande vya mnyororo vimeunganishwa kwa viungo viitwavyo esta. Viungo vya namna hiyo vimo pia katika ngozi ya nje ya majani, kwa hiyo viumbe wa udongo wanaoozesha majani wamezoea kuvikata. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria Ideonella sakaiensis, aliyeokotwa mahali pa kurejeleza chupa mjini Sakai. Hutumia vimeng'enya, yaani protini zinazokata kama mkasi: cha kwanza hukata mnyororo, cha pili humalizia vipande. Utando mwembamba wa PET aliumaliza kwa wiki 6 hivi, kwenye 30°C.

Utando ule, hata hivyo, ulikuwa laini. Chupa ya dukani imevutwa kiwandani mpaka molekuli zikabanana, kimeng'enya hakipati pa kuingilia. Watafiti wa Ufaransa, mwaka 2020, walichukua kimeng'enya kilichogunduliwa kwenye mboji ya majani, wakakiboresha, wakasaga chupa na kuzipasha hadi 72°C: kwa saa 10 asilimia 90 ilikuwa imevunjika. Shambani hakuna joto hilo.

Na sashe? Ni polietilini, plastiki ya aina nyingine: kaboni imeshikana na kaboni, haina esta hata moja. Niliwahi kufukua moja kwenye jalala la zamani. Nilipoisuuza, maandishi yake ya bluu yalisomeka yote.

Udongo wangu nauchota kando ya mto Kawa, chupa zinapokwama kabla mvua haijazisukuma ziwa Kivu, na nyingine kufika hadi bwawa la umeme la mto Ruzizi. Maabarani nautandaza juu ya agari, rojo la kuoteshea bakteria, iliyotiwa ukungu mweupe wa poliesta laini. Siku chache baadaye, duara angavu huzunguka kundi la bakteria, kama mwezi wenye ua. Wanafunzi hushangilia. Mimi nasubiri mizani, maana anayeyeyusha poliesta laini huenda chupa ikamshinda. Kipande cha chupa kisipopungua uzito, sijapata kitu.

Yule mama nilimwomba anikusanyie chupa tupu, avue vifuniko na pete zake, maana hivyo si PET. Jumanne alileta gunia zima, na vifuniko amevifunga kando kwenye sashe.