Mbolea ya Njegere Katika Mchanga Unaomwagiliwa kwa Matone

Katika ardhi ya jangwa iliyofufuliwa magharibi mwa delta ya Nile nchini Misri, eneo la Nubaria likiwemo, njegere hulimwa majira ya baridi kwenye mchanga wenye mboji haba, kwa umwagiliaji wa matone. Mchanga hauvishikilii virutubisho: naitreti (umbo la naitrojeni linaloyeyuka majini), na kwa kiasi fulani potasiamu, huzama pamoja na maji yanayozidi mahitaji. Mkulima anayeweka mbolea nyingi kwa mkupuo, kisha akafungulia maji kwa saa nyingi, huipeleka mbolea hiyo mahali ambapo mizizi haifiki.

Fosforasi haisafiri mbali, hivyo huwekwa kabla ya kupanda. Mbolea ya DAP (naitrojeni asilimia 18, fosfeti asilimia 46) ichanganywe na udongo pamoja na samadi iliyooza vizuri, kando ya mstari wa mbegu, ndani ya eneo litakalolowanishwa na mpira wa matone, wala isigusane na mbegu.

Kwenye naitrojeni ndiko fedha nyingi hupotea bure. Njegere hujipatia sehemu kubwa ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa raizobia wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Ardhi mpya ya jangwa mara nyingi haina bakteria hao wa kutosha; kwa hiyo mbegu zipakwe chanjo, yaani mchanganyiko wenye bakteria hao, iliyotengenezwa kwa ajili ya njegere, si ya soya, na zipandwe siku hiyohiyo. Yurea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, ikizidi, vinundu hupungua na mmea hukimbilia majani. Kabla ya maua, chimbua mimea michache taratibu, osha mizizi na upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi, na yurea ya kukuzia kwa kawaida haina haja. Vinundu vikikosekana na majani yakiwa ya njano, dozi ndogo ndogo za naitrojeni zipitishwe kwenye matone.

Potasiamu igawanywe kuanzia maua hadi maganda yanapojaa. Kwa kuwa njegere haivumilii chumvi, napendelea salfeti ya potasiamu kuliko kloridi ya potasiamu. Anza na maji matupu mpaka mipira ijae, ingiza mbolea, kisha malizia na maji ya kusafisha mipira tu. Naitreti ya kalsiamu isichanganywe katika tangi moja na fosfeti au salfeti, kwani mashapo meupe yanayojitokeza huziba matundu ya matone.