Mafundi wa ndege hawaagizwi kama vipuri

Februari 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kimojawapo cha vituo vilivyofuatilia chombo chake kilikuwa hapa Unguja, Tunguu. Kilikuwa kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, cha mradi wa Mercury wa kupeleka watu angani. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa na mitambo ikaondoka. Leo Tunguu ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kila nikipita pale huwaza namna mitambo ya anga inavyopakiwa ikaenda zake. Ujuzi uliokwisha kuingia mikononi mwa mtu haupakiwi.

Mimi nafundisha ufundi wa ndege. Wazazi wanaonijia karibu wote huulizia urubani. Nadra sana mzazi kuniambia, "Mwalimu, huyu mwanangu nataka awe fundi." Nayaandika haya kwa ajili ya huyo asiyekuja.

Viwanda vya ndege duniani havijakosa wateja. Mwisho wa 2024 Airbus, kampuni ya Ulaya inayounda ndege, ilikuwa na oda za ndege zaidi ya 8,000, na mwaka huo iliwakabidhi wateja ndege 766. Kwa mwendo huo anayeagiza leo anaweza kungoja zaidi ya miaka kumi. Tena mwaka 2019, kabla ya korona, kampuni hiyohiyo ilikabidhi 863. Korona ilipoingia ikatangaza kupunguza nafasi 15,000 za kazi, na haikuwa peke yake: wafanyakazi wakongwe wengi katika viwanda hivi walistaafu mapema au walihamia kazi nyingine. Oda ziliporudi, wengi wao hawakurudi nazo. Nafasi zao wakachukua vijana wenye bidii, lakini wasio na miaka ya uzoefu.

Huo upungufu wa miaka una hatari zake. Tarehe 5 Januari 2024, Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines iliruka kutoka Portland, na muda mfupi baadaye kipande cha ubavu kilichoziba nafasi ya mlango kikang'oka angani. Alhamdulillahi, hakufa mtu. Wachunguzi walikuta bolti nne za kukishikilia hazikuwapo. Kiwandani kipande kilikuwa kimefunguliwa ili kazi nyingine ifanyike, kikarudishwa bila bolti, na karatasi ya kuonyesha kwamba kilifunguliwa haikupatikana. Wanafunzi wangu huwarudishia kisa hiki kila muhula. Kufunga bolti mtu anaweza kufundishwa kwa siku moja. Kukataa kuipeleka mbele ndege ambayo karatasi yake haijajazwa, hata msimamizi akihimiza, hilo ndilo la miaka.

Upande wa ulinzi mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2024 matumizi ya kijeshi duniani yalifika dola bilioni 2,718 kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayochunguza mambo ya silaha na amani, na fedha hizo zinawatafuta wahandisi na wachomeleaji walewale wanaotafutwa na viwanda vya ndege za abiria. Raytheon, kampuni ya silaha ya Marekani, ilipotakiwa kuanza tena kuunda makombora ya Stinger ya kutungulia ndege baada ya mengi kupelekwa Ukraine, ililazimika kuwaita wastaafu wenye umri wa miaka sabini na kitu waje kuwafundisha vijana. Michoro ilikuwapo. Waliokuwa wakijua kuifuata ndio walikuwa majumbani.

Sisi wa Zanzibar tunalielewa hili kwa jahazi. Kijana anayejifunza kutia kalafati hukaa karibu na fundi mkubwa mpaka sikio lake lijue, kwa mlio wa nyundo, kwamba pamba imekaa. Kanuni za kimataifa za anga nazo hazina njia ya mkato: leseni ya fundi inataka uzoefu wa miaka minne, au miwili kwa aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa.

Msidhani haya ni ya mbali. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus A220 za Air Tanzania zilikaa chini kwa matatizo ya injini, na mashirika ya nchi nyingine yenye ndege aina hiyo yalipatwa na shida hiyohiyo, kwani karakana zinazozifungua injini hizo ni chache na foleni ni ya dunia nzima. Na vile vindege vidogo vinavyotuvusha kwenda Pemba, kila baada ya saa kadhaa za kuruka lazima mtu mwenye leseni avikague na kutia saini.

Viwanda vya silaha vya Marekani kwa kawaida huajiri raia wao, kwa hiyo tusiwatume watoto huko kwa ndoto. Njia iliyo wazi ni ya ndege za kiraia: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha matengenezo ya ndege, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Fizikia na hisabati haziepukiki, na Kiingereza pia, maana vitabu vya ndege vimeandikwa kwa lugha hiyo na neno moja likisomwa vibaya linaua. Wasichana nawataka sana. Katika karakana nimewaona wakiwa makini kuliko wengi.

Kama nyumbani kwako yupo mtoto anayefungua redio kutazama ndani kuna nini, usimgombe. Nenda skuli kwake uulize alama zake za fizikia angali Kidato cha Pili, wakati bado kuna muda wa kumtafutia mwalimu wa ziada.