Kurudi uwanjani baada ya kifua kikuu

Winga mmoja wa timu ya mtaani hapa Tanga aliingia kliniki yetu ya fiziotherapia njumu zikining'inia shingoni. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimekwisha, uzito unarudi, na jioni ile kuna mechi ya ndondo. Alitaka ruhusa tu. Nikamwomba tutembee kwanza kwenye korido kwa dakika sita. Dakika ya nne akashika ukuta.

Mwezi wa pili ndio unaowaponza wengi. Vimelea vingi vimeshakufa, homa imetoka, mtu anajiona mzima. Vilivyobaki ni vichache lakini vigumu kufa, ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Ukiacha njiani, unaulea usugu, yaani vimelea visivyosikia dawa. Mazoezi mepesi hayagombani na dozi, daktari wako akiridhia.

Hata ukimaliza dozi, mapafu yanaweza kubaki na makovu, na misuli iliyoyeyuka kitandani hairudi kwa vidonge. Anza na matembezi ya dakika kumi asubuhi, kabla joto la pwani halijapanda, kwenye njia tambarare. Mchanga wa ufukwe wa Raskazone uache kwanza, unakula pumzi. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo unakufaa. Ongeza dakika chache kila wiki, uchanganye na kukimbia taratibu, ndipo uguse mpira. Mechi ije mwisho kabisa, kwa sababu mbio za ghafla za winga hazikupi nafasi ya kupumzika.

Jambo moja wachezaji hulinyamazia: ganzi au kuchomachoma kwa nyayo. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huweza kuleta hali hiyo, na vitamini B6 husaidia. Sema mapema kliniki. Mguu usiohisi ardhi huteguka kirahisi.

Ukikohoa damu, ukibanwa kifua, ukisikia kizunguzungu, au homa na jasho la usiku vikirudi, simama uende hospitali.

Nanyi wachezaji wenzake, TB husafiri kwa hewa, haikai kwenye jezi wala kikombe. Daktari akishathibitisha kuwa haambukizi tena, mpeni pasi.

Yule winga alimaliza dozi yake. Mechi ya kwanza aliingizwa dakika ishirini za mwisho, na zilipobaki tano akanyoosha mkono mwenyewe kuomba kutoka.