Jozi Zipi Zinaweza Kufikisha Kura 270 Mwaka 2028?

Kila uchaguzi mkuu wa Marekani unapoanza kuzungumzwa, wasomaji huniuliza swali lilelile kwa namna nyingi: ni mgombea gani, akiwa na mgombea mwenza gani, atakayeingia White House? Uchaguzi ujao umepangwa tarehe 7 Novemba 2028, na ninapoandika haya hata uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2026 haujafanyika, kwa hiyo anayedai kumjua mshindi anabahatisha tu. Hata hivyo, ipo kazi inayoweza kufanywa mapema, nayo ni kuipima kila jozi inayotajwa kwa hesabu ya majimbo badala ya kuipima kwa umaarufu wa majina. Mimi hushinda nikisoma takwimu za chaguzi za nchi hiyo, na naona wazi kwamba mijadala mingi hupotea njia pale pale mwanzoni, kwa kuanza na watu kabla ya kuanza na ramani.

Basi tuanze na ramani. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za wananchi, na karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote. Kura hizo za wajumbe ni 538, na mshindi anahitaji 270. Mwaka 2024 Donald Trump na JD Vance walipata 312, Kamala Harris na Tim Walz wakapata 226. Tofauti hiyo inaonekana kubwa mpaka utazame majimbo matatu ya kaskazini: Pennsylvania yenye wajumbe 19, Michigan yenye 15 na Wisconsin yenye 10. Jumla yake ni 44, na ukiziongeza kura hizo kwenye 226 za Harris unapata 270 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Wisconsin aliipoteza kwa kura zisizofika 30,000, Michigan kwa takriban 80,000 na Pennsylvania kwa takriban 120,000, katika uchaguzi ambao Wamarekani zaidi ya milioni 150 walipiga kura. Idadi ya wajumbe wa kila jimbo itabaki ilivyo hadi 2028, kwa sababu mgawanyo mpya utakaotokana na sensa ya 2030 utaanza kutumika mwaka 2032.

Ukiigeuza hesabu hiyo upande wa pili, utaona kwa nini chama cha Republican kinaanza na nafasi nzuri kidogo. Bila majimbo hayo matatu bado kilikuwa na kura 268, maana yake ni kwamba kikishikilia Arizona, Nevada, Georgia na North Carolina, jimbo moja tu kati ya yale matatu linatosha. Chama cha Democratic kisipopata lolote kati ya hayo manne, lazima kichukue yote matatu ya kaskazini, tena kisipoteze kura moja ya Nebraska, jimbo ambalo, kama Maine, hugawa baadhi ya wajumbe wake kwa wilaya za uchaguzi. Kura hiyo hutoka katika wilaya ya mji wa Omaha. Ikipotea, pande zote mbili zitabaki na 269, na uamuzi utahamia Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo huwa na kura moja, na Alaska yenye watu wachache husimama sawa na California. Jambo hilo halijatokea tangu uchaguzi wa 1824, lakini kwa ramani ya sasa si la kupuuzwa.

Ili kuelewa jozi yoyote inashindana kumpata nani hasa, itazame kaunti ya Erie, kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ni eneo la viwanda, ambako vizazi vya wafanyakazi vimeishi kwa kuunda vichwa vya treni. Barack Obama aliishinda kaunti hiyo mara mbili bila taabu. Mwaka 2016 ikamwendea Trump, mwaka 2020 ikamwendea Joe Biden, mwaka 2024 ikamrudia Trump, na katika mara zote hizo tatu tofauti haikufika asilimia 2. Katikati ya hapo, mwaka 2022, kaunti hiyohiyo ilimpa kura nyingi Josh Shapiro, Mdemokrati, alipogombea ugavana. Hawa si watu wasiojua wanachotaka. Wanapima bei ya vyakula, kodi ya nyumba na usalama wa ajira, kisha wanamwadhibu aliyeko madarakani mambo yakiwaendea vibaya. Jozi isiyokuwa na maneno ya kuwaambia watu wa Erie itashinda California au Texas kwa kishindo na bado itashindwa urais.

Upande wa Republican, anayetajwa mbele ya wote ni Makamu wa Rais Vance. Trump mwenyewe hawezi kuchaguliwa tena, kwa kuwa marekebisho ya 22 ya katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1951, yanakataza mtu kuchaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili. Vance ni mtu wa Middletown, Ohio, jimbo linalopakana na Pennsylvania na lenye historia inayofanana ya viwanda vilivyofungwa, na tangu Machi 2025 amekuwa msimamizi wa fedha wa kamati ya taifa ya chama chake, nafasi inayomkutanisha na wafadhili wakubwa miaka mitatu kabla ya kura za mchujo. Udhaifu wake hauko kwenye ramani, uko kwenye historia. Tangu Martin Van Buren mwaka 1836, makamu wa rais mmoja tu aliyekuwa bado ofisini ndiye aliyefaulu kuchaguliwa rais, naye ni George H. W. Bush mwaka 1988. Richard Nixon alishindwa mwaka 1960, Hubert Humphrey mwaka 1968, Al Gore mwaka 2000 na Harris mwaka 2024. Makamu hubeba lawama zote za bosi wake bila kurithi mvuto wake, na Bush alinusurika kwa sababu Ronald Reagan aliondoka akiwa bado anapendwa na uchumi ukiwa mzuri. Kwa hiyo anayetaka kukadiria nafasi ya Vance asihangaike sana na hotuba zake. Afuatilie bei za bidhaa, athari za ushuru wa forodha, na jinsi wananchi wanavyouona utendaji wa Trump katika nusu ya kwanza ya 2028.

Jozi ya Vance na Marco Rubio ndiyo ninayoiona kuwa na mantiki zaidi kwa chama hicho. Rubio, Waziri wa Mambo ya Nje na mtoto wa wahamiaji kutoka Cuba, amekwisha kusema hadharani kwamba atamuunga mkono Vance akigombea. Florida, jimbo lake, haihitaji msaada tena, kwani Trump aliishinda kwa takriban asilimia 13. Thamani ya Rubio iko kwa wapigakura Walatino wa Nevada na Arizona, ambao mwaka 2024 walisogea upande wa Republican kwa kiwango kilichowashtua wengi. Kaunti ya Starr, mpakani mwa Texas na Mexico, ambako karibu wakazi wote ni Walatino, ilimchagua Mrepublican kwa mara ya kwanza tangu 1892. Swali ambalo bado liko wazi ni kama kura hizo zilikuwa za chama au za Trump binafsi.

Siku ileile Trump alipoishinda Arizona, wapigakura wa jimbo hilohilo walimchagua Ruben Gallego, Mdemokrati na askari wa zamani wa kikosi cha Marine aliyepigana Iraq, kuwa seneta. Ninaurejea mfano huu mara kwa mara kwa sababu unaonyesha kwamba Walatino wanaume, wafanyakazi wa ujenzi na mahoteli, wanarudi wakipata mtu anayezungumza nao kuhusu mshahara na nyumba bila kuwahutubia kama darasa la chuo. Mtu wa aina yake, au Seneta Mark Kelly wa jimbo hilohilo, rubani wa zamani wa kijeshi na mwanaanga, akiwa mgombea mwenza, angewafungulia Wademokrati njia ya pili isiyotegemea majimbo matatu ya kaskazini pekee.

Nani awe juu ya jozi hiyo? Gavana Gavin Newsom wa California ana jina, ana wafadhili na anajua kupambana. Kura ya Novemba 2025 iliyopitisha mipaka mipya ya wilaya za uchaguzi katika jimbo lake ilimjenga sana ndani ya chama. Hata hivyo California haijawahi kutoa rais wa chama cha Democratic, na gharama za nyumba na watu wanaolala barabarani katika miji yake vitakuwa kwenye matangazo ya wapinzani kila siku. Naamini anaweza kushinda mwaka ambao uchumi umewachosha watu kabisa. Katika mwaka wa kawaida, sioni atakavyoipata Wisconsin.

Shapiro ni habari nyingine. Mwaka 2022 alishinda Pennsylvania kwa karibu asilimia 15, na Juni 2023, daraja la barabara kuu ya I-95 lilipoporomoka Philadelphia, serikali yake iliifungua njia hiyo tena ndani ya wiki mbili, jambo ambalo wakazi wa huko bado wanalikumbuka. Ugumu wake utakuwa ndani ya chama. Vita vya Gaza vimeacha jeraha, na katika mji wa Dearborn, Michigan, wenye wakazi wengi wenye asili ya Kiarabu, Trump ndiye aliyeongoza mwaka 2024. Msimamo wa Shapiro wa kuiunga mkono Israel utahojiwa huko kwa ukali, na mgombea mwenza asiyeweza kuingia Dearborn na kusikilizwa hatamsaidia.

Katiba nayo inafuta baadhi ya jozi zinazopendwa mitandaoni. Marekebisho ya 12 yanawazuia wajumbe wa jimbo kuwapigia kura rais na makamu ambao wote wawili ni wakazi wa jimbo lao. Newsom na Harris wakisimama pamoja, makamu angekosa kura 54 za California. Gavana Gretchen Whitmer na Pete Buttigieg, waziri wa uchukuzi wa zamani, wote sasa ni wakazi wa Michigan, na kasoro hiyo ingewagharimu 15. Mwaka 2000 Dick Cheney, mgombea mwenza wa George W. Bush, alihamishia usajili wake wa kupiga kura Wyoming kwa sababu hiyohiyo, kwani wote wawili walikuwa wakiishi Texas. Na wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoniuliza kuhusu Zohran Mamdani, meya wa New York aliyezaliwa Kampala, jibu ni fupi: rais lazima awe raia wa kuzaliwa, kwa hiyo hawezi kugombea nafasi yoyote kati ya hizo mbili.

Mgombea mwenza haleti jimbo lake kama watu wanavyodhani. Paul Ryan hakuileta Wisconsin mwaka 2012, wala John Edwards hakuileta North Carolina mwaka 2004. Anachoweza kufanya ni kusogeza sehemu ndogo ya asilimia, na katika majimbo yaliyoamuliwa kwa chini ya asilimia 2, sehemu hiyo ndiyo uchaguzi wenyewe. Ndiyo maana, nikilazimika kuchagua leo, ningesema jozi ya Vance na Rubio itakuwa ngumu kushindwa iwapo bei zitatulia, na jozi ya Shapiro na mmoja wa maseneta wa Arizona ndiyo yenye njia nyingi zaidi za kufika 270 iwapo hazitatulia. Uchaguzi wa ugavana wa Pennsylvania mwezi Novemba 2026, ambao Shapiro anautetea, utakuwa kipimo cha kwanza cha kweli cha kauli hiyo, na nitayachambua matokeo yake kaunti kwa kaunti yatakapotoka.