Mwaka wa Kimataifa wa Urithi wa Utamaduni maana yake nini?

UN ikitangaza "Mwaka wa Kimataifa" wa kitu fulani, wengi wanadhani kuna fungu la hela limewekwa mahali linasubiri watu, hapana. Inavyokwenda ni hivi, nchi inapeleka pendekezo, Baraza Kuu likiridhika linapitisha azimio, shirika moja linapewa kazi ya kuratibu, kwenye mambo ya utamaduni mara nyingi UNESCO, shirika la UN la elimu, sayansi na utamaduni, na hela kwa kawaida ni michango ya hiari. Yaani mwaka wenyewe ni wito tu: serikali, makumbusho, shule, vikundi vya ngoma, wote mwaka huu tuliangalie jambo hili.

Chukua 2002, ulikuwa Mwaka wa UN wa Urithi wa Utamaduni. Azimio lilipita Novemba 2001, na Machi mwaka huohuo Taliban walishalipua zile sanamu mbili za Buddha pale Bamiyan, Afghanistan, kubwa yake ilikuwa na mita kama 55, imechongwa mwambani, imesimama kama miaka 1,400. Waliolia si Wabudha peke yao, na hapo ndo utaelewa maana ya urithi wa pamoja, kitu kina wenyewe na kiko kwao lakini kikipotea tumepoteza wote.

Mimi naona mwaka upimwe kwa kilichobaki ukishaisha. Ule Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972, ulioingiza kwenye orodha yake Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na Lamu 2001, unahusu majengo, magofu, misitu, vitu vya kugusa. Sasa ngoma je? Hadithi za bibi, matambiko, ufundi wa mikono? Kazi ya kuziba hilo pengo ilishaanza, ila Septemba 2002 mawaziri wa utamaduni wakakutana Istanbul kulijadili hilohilo, na Oktoba 2003 UNESCO ikapitisha mkataba wa urithi usioshikika. Kwa mkataba huo mila za Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, pwani ya Kenya, ziliingia 2009 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na kwakweli zilistahili, maana msitu bila wazee wanaojua miiko yake unakatwa tu.

Umoja wa Afrika nao una miaka yake, 2021 ulikuwa wa sanaa, utamaduni na urithi.

Ila kuna mambo mwaka mmoja hautoshi kabisa. 2019 ulikuwa mwaka wa UN wa lugha za wenyeji asilia, ukaisha, wakaona waongeze muongo mzima 2022 mpaka 2032, maana lugha ambayo watoto wameshaiacha huirudishi kwa miezi 12.