Kufunika si kugongana

Ndugu yangu, umenionyesha msimbo (maandishi ya programu) wenye x ndani ya x. Mtu akiona x => x => x + 1 husema upesi: "Majina yamegongana." Nimelisikia hilo mara nyingi mno.

Maana kwanza, haraka. Fanksheni ni kipande cha msimbo kinachopokea thamani na kurudisha jibu. Isiyo na jina huandikwa papo hapo inapohitajika, hata ndani ya nyingine, na kila moja ina parameta yake, yaani jina la kile inachopokea. Jina likitajwa, hurejelea parameta yenye jina hilo iliyo karibu zaidi kulizunguka. Kwa hiyo x ya mwisho ni ya fanksheni ya ndani. Ya nje ipo, ila kutoka pale haifikiki kwa jina hilo. Basi.

Sasa mgongano uko wapi? Tazama kiambishi -an-. Wanaogongana ni wawili, kila mmoja kamgonga mwenzake. Hapa x ya nje haikuguswa wala thamani yake haikubadilika. Imefunikwa tu, na sufuria haigombani na mfuniko wake. Lugha za programu JavaScript na Python hupokea msimbo wa namna hii bila kulalamika. Java ndiyo hukataa: tangu toleo la 8 la mwaka 2014 lilipoleta lamda (fanksheni zisizo na jina), kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haikubali parameta ya lamda ichukue jina la kigeu (jina lenye thamani) cha metodi, yaani fanksheni ya Java, inayoizunguka. Kwa Java, neno mgongano nalikubali.

Hatari yenyewe ni nyingine, na kitenzi chake ni kunaswa. Mwanahisabati Alonzo Church, aliyebuni kalkulasi ya lamda (mfumo wa kihisabati wa fanksheni) miaka ya 1930, alilazimika kuiwekea kanuni. Chukua (λx.λy.x) y: λ (lamda) hutangulia parameta, nukta hutangulia mwili wa fanksheni, na y ya mwisho ndiyo inayopewa fanksheni. Hiyo y ya mwisho ni huru, inatoka nje. Tukiiweka mahali pa x bila kufikiri tunapata λy.y, fanksheni inayorudisha chochote inachopewa. Kosa! Tulitaka inayorudisha y ya nje siku zote. Mgeni kaingia nyumba ambayo mwenyeji ana jina kama lake, naye akahesabiwa kuwa ndiye mwenyeji. Dawa ni kubadili kwanza jina la mwenyeji: λy.x iwe λz.x, kisha tuweke y tupate λz.y. Hatua hiyo huitwa badiliko la alfa.

Wengi wanaodai wamebadili majina huteleza hapa. Jina linalobadilishwa ni lile lililofungwa na lamda, kamwe si lililo huru, na jipya lisiwe tayari linatumika huru mle ndani. Ukiigeuza λy.x kuwa λx.x, umeandika fanksheni nyingine kabisa. (Neno lenyewe "kigeu" linapotosha kidogo, maana katika kalkulasi hii hakuna kinachogeuka.) Mwaka 1972 Mholanzi Nicolaas de Bruijn aliyaondoa majina kabisa: unahesabu lamda kutoka ndani kwenda nje, na λx.λy.x inakuwa λλ2. Mashine hufurahi, macho ya binadamu hapana.

Programu ikiendeshwa, lugha nyingi hukulinda na kunaswa. Kunaswa hukukuta unapohamisha mwili wa fanksheni kwa mkono, au ukitumia makro (vifupisho vya msimbo) za lugha ya C, zinazobandika maandishi tu.

Kwa hiyo ile x ndani ya x uliyonionyesha, ndugu yangu, imefunikwa. Ukiihitaji ya nje, ipe ya ndani jina jingine.