Unguja hadi Pemba kwa ndege: hiyo kilomita 50 mmeitoa wapi?

Mteja ananionesha simu: Pemba ipo kilomita 50 kutoka Unguja. Halafu anapiga hesabu zake: dakika kumi angani, basi akiondoka saa mbili, saa mbili u robo yuko Chake. Nauza tiketi za njia hii, na hesabu hiyo nimeisikia mpaka masikio yamechoka.

Kilomita 50 ni bahari iliyo kati ya visiwa, yaani upande wa Nungwi hadi ncha ya kusini ya Pemba. Nungwi hakuna kiwanja cha ndege, jamani. Kiwanja kipo Kisauni, kusini mwa mji. Rubani anaikata kwanza Unguja kwa mshazari kuelekea kaskazini mashariki, ndipo aingie baharini. Akiiona Pemba bado hajafika, maana kiwanja chake kipo karibu na Chake Chake, katikati ya kisiwa. Mstari ulionyooka kati ya viwanja hivi ni kama kilomita 125, mara mbili na nusu ya ile ya kwenye simu. Caravan, ndege ndogo ya propela inayotumika njia hii, hukimbia takriban kilomita 300 kwa saa. Gawanya mwenyewe: dakika 25. Ongeza ndege kujikokota hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na kujikokota tena baada ya kutua, unapata ile nusu saa ya kwenye ratiba.

Wengine huja na umbali wa 67 wakidhani ni kilomita. Hizo ni maili za baharini, na kila moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo ni zile zile kama kilomita 125.

“Ingekuwa jeti tungefika sasa hivi.” Wapi! Kwa umbali huu jeti ingemaliza kupanda tu, ianze kushuka. Ungeokoa dakika chache, ukazipoteza ukisubiri begi.

Kwenda na kurudi si lazima kulingane. Upepo wa mgongoni unakusukuma, wa usoni unakuzuia, na ndege ndogo huuhisi zaidi. Tofauti yenyewe ni ya dakika tu, msinipigie simu kulalamika.

Kubwa kuliko hilo: ipo Pemba nyingine, mji wa Cabo Delgado, Msumbiji. Herufi za kiwanja chake ni POL. Za kwetu ni PMA. Unaponunua mtandaoni soma herufi kabla ya kulipa, si baada.

Na wewe unayetoka Pemba kuunganisha ndege ya nje jioni: usichukue ndege ya mwisho inayoonekana “itawahi”. Nusu saa ya angani haihesabu foleni ya mizigo, mvua ya masika wala gari la kutoka Wete hadi kiwanjani. Chukua ya asubuhi, ukae Mjini ule urojo. Begi lipime nyumbani pia. Kwenye ndege hizi ndogo mara nyingi ni kilo 15.